Nyumba Ndiyo Darasa la Kwanza: Kumfundisha Mtoto Mdogo kwa Vitabu, Michezo na Vitu vya Kila Siku

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita, Kaunti ya Kilifi



Kila mwezi wa Januari, watoto wa aina mbili huingia katika darasa la PP1. Wote wana miaka minne, wote wamevaa sare mpya, na wote wameshikwa mkono na mzazi. Mwalimu anamwonyesha wa kwanza picha ya jogoo. Mtoto huyo anaanza papo hapo kueleza jinsi jogoo wa kwao alivyomfukuza paka mpaka akapanda juu ya paa. Mwalimu anamgeukia wa pili na picha ile ile. Mtoto anainamisha kichwa na kunyamaza.

Mtoto huyu wa pili ana akili kama mwenzake. Ila nyumbani amezoea maneno machache tu: "njoo", "kaa", "wacha", "nyamaza". Hajawahi kuulizwa swali na mtu mzima kisha akasubiriwa ajibu. Baada ya wiki chache wenzake wanaanza kumwita mjinga, na kabla ya muhula kwisha naye ameanza kuamini kwamba ni mjinga. Mtoto akishaamini hivyo, mwalimu atafanya kazi kubwa kumtoa huko.

Tofauti ya watoto hawa wawili haikuletwa na pesa. Huenda hata wametoka katika mtaa mmoja. Imeletwa na mazungumzo, michezo na hadithi ambazo mmoja alizipata nyumbani na mwenzake akazikosa. Jambo kuu la leo ni hilo: mzazi yeyote, aliyesoma na asiyesoma, mwenye nacho na asiye nacho, anaweza kumpa mtoto wake mwanzo huo.

Kufundisha nyumbani si kumzuia mtoto shuleni

Kwanza, lieleweke vizuri jambo moja. Anayesikia maneno "kufundisha nyumbani" asidhani kwamba anaruhusiwa kumweka mtoto nyumbani asiende shule. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo ndilo lililozikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, yaani ile miaka miwili ya PP1 na PP2 kabla ya Gredi ya 1.

Kwa hiyo kinachozungumzwa hapa ni miaka ile mitatu au minne kabla ya PP1, na saa zile zote ambazo mtoto hayuko darasani: jioni, Jumamosi, Jumapili na likizo. Ukizihesabu, saa hizo ni nyingi kuliko za shule.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chekechea hadi Gredi ya 3 mwaka 2019, unamhesabu mzazi kuwa mshiriki katika masomo ya mwanawe. Wazazi wengi wamelalamika kwamba ushiriki huo umekuwa ni kukimbizana madukani usiku kutafuta karatasi za manila na gundi. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini mtoto wa chekechea anahitaji vitu rahisi zaidi. Maeneo anayojifunza ni lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na mazoezi ya mwili, pamoja na dini. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilopatikana katika ua wa nyumba ya Ganze, Magarini au Kaloleni.

Somo la mwaka 2020

Wazazi waliopo wanakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote nchini zilipofungwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wa chekechea hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Vipindi vya masomo vilitangazwa kwa redio na televisheni, lakini nyumba nyingi hazikuwa na televisheni, na mtoto wa miaka minne hatulii mbele ya redio kwa muda mrefu.

Katika miezi ile, wapo watoto waliokaa tu, siku baada ya siku, na wapo waliosaidia shambani, wakahesabu mayai ya kuku, wakasimuliwa hadithi na nyanya zao jioni. Hawa wa pili hawakusoma kwa namna ya darasani, lakini walikuwa wakijifunza kila siku. Somo la mwaka ule ni kwamba mlango wa shule unaweza kufungwa kwa sababu ambazo hakuna aliyezitarajia, na mlango wa nyumbani ukabaki ndio pekee ulio wazi.

Kibanda cha mboga ni darasa la hesabu

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga kando ya barabara, naye ana mtoto wa miaka minne anayeshinda naye kibandani baada ya shule. Mama huyu anasema hana muda wa kumfundisha mtoto, na kweli kazi yake ni nyingi. Lakini atazame kilicho mbele yake.

Anapopanga mafungu ya nyanya, mtoto anaweza kuweka tatu katika kila fungu. Hapo amejifunza kuhesabu vitu halisi, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko kuimba moja hadi kumi. Watoto wengi huimba namba hadi ishirini, lakini ukiwaomba wakupe vitunguu vitano wanakupa gao zima. Mtoto anayepanga mafungu anajua kwamba tatu ni hizi hapa, anazishika. Akitenga nyanya kubwa na ndogo, mbivu na mbichi, amejifunza kupanga vitu kwa aina yake, na hiyo ni hisabati ya PP1.

Kisha kuna sarafu. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 zina wanyama: shilingi moja ina twiga, shilingi tano ina kifaru, shilingi kumi ina simba na shilingi ishirini ina ndovu. Mtoto ambaye bado hajui kusoma namba anaweza kuanza na mnyama. "Niletee simba" ni shilingi kumi. "Simba wawili ni sawa na ndovu mmoja" ni somo la hesabu ambalo hata mtoto wa Gredi ya 1 atalifurahia. Wala mama hajaacha kuuza.

Mteja akija, mtoto aachwe amsalimie, amuulize anataka nini, amwambie "asante, karibu tena". Kuzungumza na mtu mzima bila woga ni ujuzi. Ndio ujuzi aliokosa yule mtoto aliyeinamisha kichwa mbele ya picha ya jogoo.

Baba naye ana nafasi yake. Mwendesha bodaboda ana herufi na namba kwenye pikipiki yake. Nambari za magari mengi nchini huanza na herufi K, na za pikipiki KM. Jioni, pikipiki inapooshwa, mtoto aguse K kwa kidole, aifuate mistari yake, kisha aitafute K nyingine kwenye gari linalopita. Mchezo huo huchukua dakika tano. Mvuvi ana samaki wa kupanga kwa ukubwa, na ana maji yanayokupwa na kujaa, ambayo mtoto anaweza kuulizwa: asubuhi maji yalifika wapi, na sasa yamefika wapi?

Jikoni pia kuna masomo. Kuchambua maharagwe, kupima vikombe vya unga, kusikiliza nazi kama ina maji ndani. Vifuu vya nazi huwa vikombe, mizani, ngoma na magari. Mtoto akijaza kifuu kikubwa kwa kutumia kidogo, ahesabu mara ngapi. Wakati huo mzazi aendelee kupika huku akiuliza: kipi ni kizito? Kipi kimejaa? Umejuaje? Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, maana linamlazimu mtoto afikirie na kueleza.

Kusoma kunaanza na masikio

Mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi pale ambapo tayari ana maneno mengi kichwani. Maneno hayo huyapata kwa kusikia. Ndiyo maana nyanya ambaye hajawahi kuingia darasani ni mwalimu mkubwa wa kusoma. Anaposema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", anawafundisha kusikiliza kwa makini, kukumbuka mambo kwa mpangilio, na kungoja kujua kitakachofuata. Vitendawili navyo humfundisha mtoto kufikiri kwa mafumbo. Mtoto aliyefumbua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, kesho atakuwa na hamu ya kutega chake.

Hadithi hizo zisimuliwe kwa lugha ya nyumbani. Wazazi wengine wanaona aibu kuzungumza Kigiriama, Kichonyi au Kirabai na watoto wao, wakidhani watawachelewesha kujua Kiingereza. Mambo hayako hivyo. Sera ya elimu nchini inataka mtoto wa chekechea na wa gredi za kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kwa sababu mtoto anayeeleza jambo vizuri kwa lugha moja huchukua lugha ya pili akiwa tayari anajua namna ya kueleza. Mzazi azungumze lugha anayoijua vizuri, na azungumze kwa wingi.

Mchezo mwingine wa masikio ni wa kupiga makofi kwa silabi. Ku-ku, makofi mawili. Sa-ma-ki, matatu. Ma-ha-ra-gwe, manne. Halafu mtoto atafute maneno yanayoanza kwa "ma": maji, mama, mahindi, maembe. Huu unachezwa njiani kwenda kisimani au kwenye matatu. Mtoto anayeusikia mwanzo wa neno namna hii, siku mwalimu atakapoandika "ma" ubaoni atakuwa anakutana na rafiki wa zamani.

Vitabu katika nyumba isiyo na kitabu

Sasa vitabu vyenyewe. Nyumba nyingi hazina kitabu cha mtoto, lakini karibu kila nyumba ina maandishi: pakiti ya unga, pakiti ya maziwa, kalenda ya ukutani, gazeti lililofungiwa sukari. Mtoto aonyeshwe kwamba yale maandishi yanasema kitu. Kalenda iliyokwisha mwaka ina namba kubwa za kukata na picha za kusimulia.

Mzazi mwenye simu ya intaneti anaweza kupata hadithi za watoto bila malipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya. Wazazi wa kijiji kimoja wakichanga pesa kidogo, wanaweza kuchapisha hadithi kadhaa na kuzizungusha nyumba kwa nyumba. Wasione ni jambo dogo. Huko Garissa, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji kwa kutumia ngamia. Ikiwa vitabu viliweza kuvuka jangwa mgongoni mwa ngamia, vinaweza kutoka nyumba moja hadi nyingine ndani ya kiondoo.

Kitabu kingine hutengenezwa nyumbani. Chukua daftari la bei ya chini. Mtoto achore chochote, hata kama ni mistari tu. Mzazi au kaka yake mkubwa amuulize, "Hapa umechora nini?" kisha aandike maneno yake chini ya mchoro, kama alivyosema. "Mbuzi wa babu amekula shati." Kesho yake asomewe. Mtoto anapogundua kwamba maneno yake mwenyewe yamekaa kwenye karatasi na yanasomeka tena vile vile, ameshaelewa kusoma ni nini.

Na mzazi asiyejua kusoma? Achukue kitabu, akae na mtoto, wasome picha. Nani huyu? Anafanya nini? Unadhani baadaye itakuwaje? Hakuna anayemtahini. Mtoto akimwona baba yake ameshika kitabu kwa heshima, naye atakiheshimu. Mtoto mkubwa wa shule anaweza kuwasomea wadogo, na yeye mwenyewe atanufaika. Anayejua kusoma apitishe kidole chini ya maneno, asome taratibu, na asichoke kurudia kitabu kile kile mara kumi. Mtoto hurudia kwa sababu anajifunza.

Michezo si kupoteza wakati

Wazee walioketi chini ya mwembe wakicheza bao wanajua hesabu za haraka kuliko wengi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hilo ni la watu wazima. Mtoto achimbiwe mashimo manne mchangani na apewe kokoto nane: ataanza na kugawa mbili mbili. Mdako humfundisha kuratibu jicho na mkono, ule ule mkono utakaoshika penseli. Kuruka kamba ni kuhesabu kwa mwili. Mchezo wa kujificha humfundisha kungoja na kufuata kanuni. Mchezo wa baba na mama, wenye vifuu kwa masufuria na mchanga kwa wali, humfundisha kuzungumza, kugawana majukumu na kusuluhisha ugomvi.

Usalama uzingatiwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kokoto, maharagwe, vifuniko vya soda wala sarafu, kwa maana atavitia mdomoni na vinaweza kumkaba. Mikebe na chupa za dawa za shamba zisiwe vyombo vya kuchezea, hata zikioshwa. Ndoo na pipa la maji vifunikwe.

Mambo yanayoharibu

La kwanza ni haraka. Mzazi anamlazimisha mtoto wa miaka mitatu aandike A hadi Z, na kila akikosea anagombezwa. Vidole vya umri huo bado havina nguvu. Wacha afinyange udongo, avunje vijiti, achore mchangani kwa kidole. Penseli itakuja.

La pili ni kiboko. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea hesabu hajifunzi hesabu, anajifunza kuificha makosa yake. Anayeficha makosa hawezi kusaidiwa na mwalimu yeyote.

La tatu ni kumlinganisha na wa jirani. Katika chekechea mwalimu humpima mtoto kwa kumtazama anavyofanya kazi na anavyocheza, wala si kwa kuwapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Nyumbani pia iwe hivyo.

La nne ni simu. Ni rahisi kumpa mtoto simu ili atulie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Mtu humsubiri.

Mchezo unapofichua shida

Kuna faida nyingine ya kucheza na mtoto ambayo haitajwi sana. Mzazi anayecheza na mtoto wake kila siku ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto haitikii akiitwa kwa nyuma, kwamba anasogeza picha karibu sana na macho, au kwamba ana miaka mitatu na bado hasemi maneno. Hilo lisifichwe na lisiitwe laana. Apelekwe kliniki, na mwalimu wa chekechea aulizwe kuhusu vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC. Mtoto asiyesikia vizuri akigunduliwa akiwa na miaka mitatu anasaidiwa mapema. Akigunduliwa akiwa na miaka tisa, huenda amekwisha kuitwa mkaidi kwa miaka sita.

Kuanzia leo jioni

Wazazi, hakuna anayetakiwa kugeuza nyumba yake kuwa shule yenye kengele na ubao. Nusu saa kwa siku yatosha, na inaweza kugawanywa: dakika kumi wakati wa kupika, dakika kumi njiani, dakika kumi za hadithi kabla ya kulala. Anayelea mtoto mchana, awe nyanya, shangazi au msaidizi wa nyumbani, naye aelezwe ili afanye vivyo hivyo.

Leo jioni mtoto aombwe kuhesabu sahani za chakula. Waliopo ni wangapi? Sahani ni ngapi? Zinatosha? Ulizeni, kisha msubiri. Atakapojibu, hata kama amekosea, muulizeni amejuaje. Mtoto aliyezoea kusubiriwa nyumbani ataingia PP1 Januari akiwa na la kusema juu ya jogoo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.